Kari ya Baba, Ngari ya Mama

Chebet wangu,

Sasa hivi umetoka hapa chumbani. Umeingia ukivuta gamboti moja ya baba yako kama mtu anayevuta ndama asiyetaka kuingia zizini, ukaiweka juu ya nguo zako nilizokuwa nimekunja, na matope yake yote, ukaisukumiza ndani ya kiondo kwa mikono miwili. Nikakuuliza, "Hiyo ni ya nini?"

Ukaniangalia vile huwa unaniangalia nikiuliza kitu kinachojulikana. "Hii moja inaenda kwa Kogo. Hiyo ingine inabaki na baba. Baba akitaka kuvaa mbili, atakuja."

Halafu ukapangusa mikono kwa gauni, ukarudi zako jikoni kwa Kogo, nyanya yako.

Nimebaki nimekaa kitandani nikiitazama hiyo gamboti. Mimi mtu mzima nimetafuta siku hizi zote njia ya kukupeleka bila kukupoteza, sijaipata. Wewe hujafika hata miaka minne, umeipata kwa kiatu.

Kwa hivyo nimeacha kupanga nguo, nimechukua kalamu kabla jua halijazama. Mambo ya sweta, ya kunawa mikono, ya kutomkaribia ng'ombe aliyezaa juzi, sitakuandikia. Hayo Kogo anayajua kunishinda. Yeye amelea saba. Mimi nimelea mmoja na robo, maana mdogo wako Korir bado ni wa kubebwa tu.

Kesho asubuhi pikapu ya ami yako itawachukua, wewe na Kogo, mwende Kimulot. Shangazi yako wa mwisho ameolewa, na nyumba ya Kogo imebaki bila mtoto. Kwa watu wa baba yako, nyanya haachwi alale peke yake na moto wake. Anapewa mjukuu, na mjukuu wa kwanza ni wewe. Utakaa huko mpaka uingie darasa la kwanza. Baba yako mwenyewe alilelewa na nyanya yake hivyo hivyo na hakuna kitu kilimharibikia, isipokuwa kukoroma. Mimi nilikubali. Nataka ujue hivyo. Hakuna aliyekunyakua mikononi mwangu. Niliulizwa, nikasema ndiyo, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kwa majani ya ng'ombe mpaka miguu ikalowa.

Najua hujui kusoma. Nitaikunja karatasi hii niiweke kwa ile kopo ya majani chai iliyo juu ya kabati, na siku utakayojua kusoma utaisoma, uniulize maswali.

Kuna kitu hakuna aliyeniambia kabla sijazaa. Kwamba mtu anaweza kuishi na wewe miaka yake ya kwanza yote, akulilie, akucheke, akutapikie, alale na kidole chake kikiwa ndani ya sikio lako, halafu asikumbuke hata siku moja. Mimi nikijaribu kukumbuka nikiwa mdogo kama wewe, napata tu rangi ya pazia la duka la mama yangu, cucu yako, pale Kericho. Pazia la kijani. Basi. Na yeye alikuwa hapo kila siku, akinibeba, akinilisha, akiniimbia, na nilichobaki nacho ni pazia! Kwa hivyo haya yetu yote nimeyashika peke yangu, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe kwa foleni ya hospitali. Mwenye mali ni wewe, lakini anayejua mali iko wapi ni mimi.

Kwa mfano, ile siku ya mvua ya mawe. Hutaikumbuka. Ilinyesha ile mbaya, ya kupiga mabati mpaka mtu hasikii sauti yake mwenyewe, na ilipoisha chai yetu ilikuwa imechanwa kama mtu ameichezea na panga. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia machipukizi yote chini, yale tuliyokuwa tuchune wiki hiyo, na moyo ukanilia. Wewe ukapita katikati ya miguu yangu na sufuria. Ukaanza kuokota barafu. Moja moja, ukiipuliza matope, ukiiweka. Nikakufokea. Nilikuambia, "Wewe unafurahia nini? Huoni chai imeisha?" Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Hii ni ya kupea baba."

Baba yako alikuwa kiwandani, zamu yake inaisha jioni. Nilijua hiyo barafu haitafika jioni. Nilitaka kukueleza, halafu nikaona sina nguvu, nikakaa kwenye ngazi nikakuangalia. Ukaweka sufuria kwenye kivuli. Ukaifunika na leso yangu. Kila mara ulifunua, ukaangalia, ukafunika. Mpaka ikawa maji. Nikangoja kilio. Hukulia. Ukatumbukiza mikono yote miwili ndani ya hayo maji baridi, ukaiacha humo, na kila nikikutoa unarudi. Baba yako alipoingia, ukamkimbilia, ukamwekea mikono mashavuni, hapa na hapa, akaruka. "Baba," ukamwambia, "hii ni barafu."

Ilifika. Unaona? Ilifika.

Tangu siku hiyo, watu wakisema watoto wadogo hawajui kitu, mimi nanyamaza tu.

Sasa nikuambie ninachoogopa, maana ni kimoja tu. Kogo hana Kiswahili. Mimi sina Kikipsigis, isipokuwa cha salamu na cha kununua maziwa. Nilikulia mjini nyuma ya duka, na mjini Kiswahili kilitosha; nyumbani tulisema Kikuyu. Mimi na baba yako tulikutana katikati, na nyumba yetu ni ya katikati, na wewe mtoto wetu unaongea lugha ya katikati. Lakini ulimi wa mtoto unaenda pale unapolishwa. Binti ya shangazi yako mkubwa alienda Kimulot akiwa na Kiswahili chake kizuri cha mjini. Aliporudi baada ya mwaka, mama yake alimwambia "kuja nikuone," akajificha nyuma ya Kogo. Hakuelewa hata "kuja." Yule mama alicheka akamwongelesha Kikipsigis chao, yakaisha. Mimi nitamwongelesha mtoto wangu nini? Nitakuja kukuona na zawadi mkononi, tukae kwa benchi mimi na wewe, tuangaliane kama watu wanaongoja daktari?

Hicho ndicho kitu. Mengine yote nayaweza.

Na ningeweza kumwambia Kogo, lakini mimi na Kogo tuna historia ndefu ya kutoambiana. Hajawahi kunikasirikia kwa maneno; hatuna maneno ya kukasirikiana. Ilianza siku uliyozaliwa. Kwetu sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza ni mama ya baba yake. Anapewa jina lake, na yule nyanya anafurahi mpaka anacheza, kwa sababu amezaliwa tena na bado yuko hai akijionea. Basi Kogo akaja hospitali amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye makaa, kimefungwa na leso. Mimi nimechoka, nimefurahi, nimekuwa mjinga. Nikakuinua nikamwambia baba yako, "Mwambie mama, huyu ni yeye. Amezaliwa tena."

Baba yako hakuwa amelala usiku huo. Akatafsiri vile vile ilivyo.

Kogo akasimama. Akaweka kibuyu chini polepole. Akasema kitu kimoja kifupi, akatoka nje kwa veranda.

"Amesema nini?"

Baba yako alikuwa amekuwa rangi ya majivu. "Anauliza kama tumeshamzika."

Kwao, mwanangu, jina la mtoto linatafutwa kwa watu waliotangulia. Wanawake wanaita majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, mpaka mtoto apige chafya; hapo wanajua nani amerudi. Aliye hai haitwi, kwa sababu hajaenda mahali. Nilidhani nimempa heshima, kumbe nimemletea jeneza mpaka mlangoni. Aliporudi ndani, jicho lake lilikuwa jekundu. Akasema unaitwa Chebet kwa sababu umezaliwa mchana, akanipa mursik, nikanywa yote hata na yale makaa chini. Tangu hapo tunasalimiana vizuri. Yeye anasema "takwenya," mimi nasema "igo," na yanayofuata ni kazi ya baba yako. Baba yako akiwa hayupo, mimi na yeye tunaangalia ng'ombe. Ni ng'ombe mzuri, lakini nafikiri hata yeye amechoka kuangaliwa.

Ndiyo maana nilishangaa alipokuomba wewe. Angeweza kuomba wa ami yako. Alisema anataka huyu.

Nirudi kwa lugha, maana huko ndiko nilikokosea zaidi, na ndiko nilikoona maajabu.

Ulichelewa kusema. Watoto wa rika lako walikuwa wanasalimia mpaka mbwa, wewe ulikuwa unanyoosha kidole tu. Ulikuwa unaelewa yote. Nikisema "kiatu" unaleta kiatu. Lakini mdomo umefunga. Cucu yako alikuja kutoka mjini, akakuangalia, akaniambia, "Huyu mmemchanganya. Asubuhi Kikuyu, mchana Kiswahili, jioni Kikipsigis. Hata mimi ningenyamaza." Na mtu mmoja aliyesoma kutuzidi akatuambia tuchague lugha moja, tuache zingine, ama mtoto atakuwa bubu.

Mimi niliamini haraka. Shuleni kwetu ukisema lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni mpaka umpate mwenzako amekosea umvalishe yeye. Nilijifunza kusikiliza wengine kama askari. Nikafikiri ndiyo elimu. Basi nikamwambia baba yako, kuanzia leo ni Kiswahili peke yake ndani ya nyumba hii, mimi na wewe sote. Akasema sawa. Baba yako si mtu wa kubishana.

Sikujua kitu kimoja. Kiswahili cha baba yako kilikuwa cha kazi na cha barabara. Alijua kusema leta, inua, mashine imekwama, mvua imekuja. Lakini kumkalisha mtoto kwa magoti na kumwambia mambo ya bure, yale ya kusema tu ili mtoto asikie sauti, hayo hakuwa nayo kwa Kiswahili. Akanyamaza. Alikuwa anarudi kutoka kiwandani ananuka chai iliyokauka, anakubeba, anakuangalia, anafungua mdomo, anafunga. Mimi nilifikiri ni uchovu.

Jioni moja nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, nikasikia mtu anaongea zizini. Nikasimama. Alikuwa baba yako, anakama, na anaongea na ng'ombe. Kikipsigis. Polepole, kwa upole, kirefu, kama mtu anayesimulia safari. Anauliza, anajijibu, anacheka kidogo. Sikuelewa hata nusu, lakini nilijua hayo si maneno ya ng'ombe. Na wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu naye, mdomo wazi, macho kwake, hata nzi akitua puani humfukuzi. Alikuwa anamwambia ng'ombe yale aliyotaka kukuambia wewe, na alikuwa amekuweka mahali utasikia.

Mimi ndiye niliyemfukuzia huko zizini, yeye na sauti yake. Nilisimama na mzigo kichwani mpaka shingo ikauma.

Tukiwa tunakula nikamwambia, "Baba Chebet, kuanzia leo ongea na mtoto vile unaongea na ng'ombe."

Akaacha kutafuna. "Sasa hapo umeniinua ama umeniangusha?"

"Nimekuinua."

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe pia ataongea na wewe, kama bado anataka."

Alicheka mpaka ugali ukampalia. Na usiku huo huo akakuimbia kitu, sijui ni nini, mpaka leo sijui, na ukalala mkono wako ukiwa shingoni mwake, mahali sauti inatokea.

Haikuchukua muda mrefu. Ulikuja kusema kama mvua ya Kericho, hakuna kuanza na matone. Na neno la kwanza nililokurekebisha lilitoka siku lori la majani chai lilipopita hapo barabarani. Ukapiga makofi. "Kari! Kari!"

Nikakuambia, "Si kari. Hivyo ndivyo baba anasema. Sema ngari."

Baba yako alikuwa ananyoa ndevu kwenye dirisha. Akageuka na povu. "Wewe umesema ngari."

"Ndiyo. Ngari."

"Ni kari, Mama Chebet. Hakuna ng."

"Na mimi nimesema nini? Ngari!"

Akaanza kucheka, povu likaingia mdomoni. Mimi nikakasirika. Wewe ulikuwa katikati unatuangalia, mara yeye, mara mimi, kama mtu anayeona wazee wawili wanapigania kiti kimoja na viti viko viwili. Ukasema, ukinyoosha kidole, "Ya baba ni kari. Ya mama ni ngari. Ya mtu ya redio ni gari." Ukaendelea kucheza.

Chebet, mimi nilikaa chini. Kwa sababu nilianza kukumbuka. Na baada ya hapo nikakufuatilia siku nyingi kama mpelelezi, nikaona ni kweli. Ukiwa na usingizi ulikuwa unaniambia mimi "mama, nataka kurara," na kwa baba yako unasema "kulala." Mimi ulikuwa unaniomba shai. Kwake unaomba chai. Nilidhani miezi yote hiyo unakosea, leo hivi, kesho vile. Hukuwa umekosea hata siku moja! Ulikuwa unampa kila mtu neno lake, kama mtu anayegawa chakula na anajua nani hapendi chumvi. Wakati huo ulikuwa bado unavaa viatu vya kushoto kulia. Ulikuwa unaweka mawe puani. Ulikuwa unachuna miche yangu ya maharagwe, majani mawili na chipukizi, kwa sababu uliona tunachuna chai hivyo, na ukaniletea kwa fahari maharagwe yote yakiwa yamekatwa vichwa. Mtu huyo huyo, kumbe ndani ya kichwa chake kuna nyumba yenye vyumba vitatu, na kila mtu amewekewa kitanda.

Nani alikufundisha? Si mimi. Mimi nilikuwa nafunga milango.

Siku moja watu watakucheka kwa vile unasema neno fulani. Watakuwa watoto wenzako, ama mwalimu, ama mtu wa ofisi. Watakuambia chagua. Sina la kukufundisha hapo, maana mimi nilichagua na nikakosea, na wewe hujawahi kuchagua na hujawahi kukosea. Nataka tu ujue kwamba mtu alikuona ukifanya hivyo ukiwa mdogo, ukiwa na kamasi, kabla hujaambiwa haiwezekani.

Na siku hizi Kogo alizokaa hapa kukungoja, nimeona lingine. Umekuwa mkalimani wetu. Baba yako akienda kiwandani, mimi na Kogo tunabaki jikoni, na katikati yetu ni wewe, na kikombe chako cha uji, na uwongo wako.

Jana nilikuambia, "Mwambie Kogo asikuwekee sukari mingi kwa uji."

Ukamgeukia, ukamwambia kitu kirefu, mikono ikienda. Kogo akachukua kijiko akaongeza sukari.

"Chebet! Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mama anasema kongoi."

Unamshukuru kwa niaba yangu ili upate sukari! Nikajaribu tena. "Mwambie usiku unakohoa, akufunike vizuri, kwa sababu huko Kimulot kuna baridi ya msitu." Ukafikiri. Ukamwambia maneno mawili matatu tu. Kogo akaniangalia, mara ya kwanza akaniangalia usoni sawasawa, akajibu.

"Amesema nini?"

"Anasema baridi ya Kimulot inajua watu yake."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mama anaogopa."

Sikukuambia useme hivyo. Sikuwa nimesema neno hilo. Nilipakua uji kwa haraka ili msinione.

Tangu jana nimetaka kumwambia Kogo lile lingine. Nataka kumwomba kitu kidogo. Kwamba mahali fulani katika siku, hata kama ni wakati wa kuwasha moto tu, akuache useme Kiswahili, hata kama ni kwa kuku. Asikukataze. Asifanye vile mimi nilifanya. Na kwamba nikija, akusukume mbele kidogo, uje kwangu. Lakini baba yako nikimwambia amuulize, anasema, "Mama anajua," na kwake hapo mambo yameisha. Na mwingine aliye na midomo yote miwili ni wewe peke yako. Nitakutumaje, mtoto wa umri wako, umwambie nyanya yako, "Mama anaogopa nitamsahau, ukinilea usimfute kichwani mwangu"? Huo si mzigo wa mdomo mdogo. Ungeubeba, najua. Ungeupeleka wote bila kumwaga. Ndiyo sababu sitaki.

Nimefikiria kujifunza Kikipsigis. Nimeanza hata. Nimejaribu kwa ng'ombe, wakati baba yako hayuko, nikamwambia asimame vizuri, nikakama. Hakushangaa. Lakini ng'ombe huyo amezoea mambo ya nyumba hii. Kwa mtu naona haya. Mdomo wangu kwa lugha hiyo ni kama miguu yako ndani ya gamboti ya baba, inaenda lakini haifiki. Na halafu nafikiri, mtoto wangu alinyamaza zaidi ya miaka miwili akituangalia tu, hakuona haya, hakuogopa kuchekwa, alikuwa anaweka akiba. Labda na mimi niko kwa wakati huo. Labda mtu anaweza kuwa mdogo tena akiwa mkubwa. Nikija mara ya kwanza nitakuwa na maneno kidogo. Ukinicheka, cheka kwa sauti, nisikie yako wapi makosa.

Sauti zenu zinakuja hapa kutoka jikoni. Wewe unaongea, Kogo anaitikia, "ee, ee." Sasa unamfundisha majina ya vitu, nafikiri, maana unataja kitu kimoja, unanyamaza, unataja tena. Sufuria. Moto. Paka. Sijui kwa nini hata paka. Nje wingu limeshuka mpaka kwenye chai, na Korir amelala mgongoni pangu akiwa mzito kama mkate uliolowa.

Sasa umenyamaza. Umelala, najua kunyamaza kwako kulivyo. Kwa kawaida unalala katikati ya neno, na nusu yake unaimaliza asubuhi ukiamka, na mimi nakaa nikingoja nusu hiyo. Kesho kutwa asubuhi ni Kogo atakayeisikia, na sijui itakuwa ya lugha gani, na nilikuwa nataka kukuandikia kwamba hata kama

Ngoja. Ninaitwa. Ni Kogo, na hajaniita kwa Kikipsigis.

"Mama Chebet," anasema, kama mtu anayekanyaga mawe akivuka mto, "mtoto nalala. Wewe kuja. Kuja sisi naongea."

Mwanangu, siku hizi zote alikuwa anakusikiliza, anaweka, anaweka, na mimi nilikuwa hapa nadhani ni wewe peke yako unayejifunz